Nusu Dizeli, Nusu Petroli

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukimwuliza mwananchi wake yeyote atakuthibitishia hivyo upesi sana, huku akitazama nyuma yake. Mimi mwenyewe nimezaliwa huko, nimeoa huko, nimezika huko, na niko tayari kuapa mbele ya hakimu kwamba sijawahi kufika.

Kazi yangu huko ilikuwa Mshereheshaji wa Misafara ya Serikali. Nilitembea mbele ya gari la wakubwa nikiwa na kipaza sauti, nikiwaeleza wananchi wanachokiona. Msinicheke. Mwananchi akiachwa ajionee mwenyewe anaweza kukosea. Anaweza kudhani Mkuu amesinzia, kumbe anatafakari. Anaweza kudhani watu barabarani ni wachache, kumbe ni maelfu waliobanana vizuri. Kwetu jambo lilikuwa halijatokea mpaka kipaza sauti kiseme, na kikishasema, basi limetokea, hata kama halikutokea.

Tulikuwa na mila mbili ambazo lazima mzijue, la sivyo mtatuona wajinga.

Ya kwanza, kiongozi wetu hapandi gari lenye paa. Mwasisi wa taifa aliingia mji mkuu siku ya ushindi ndani ya gari ambalo paa lake lilikuwa limeng'olewa na bomu. Wananchi, wasiojua habari za bomu, wakaamini hivyo ndivyo wakubwa wanavyosafiri. Ikawa sheria. Jua liwake, mvua inyeshe, mkubwa huketi nyuma, juu ya mgongo wa kiti, kwenye gari la mbio la wazi, la chini, lenye milango miwili tu, akipunga mkono. Kunguru wote wa mji mkuu walipigwa risasi zamani, kwa sababu ambayo nadhani haihitaji maelezo.

Mila ya pili ni ya watu wote, tajiri na maskini. Katika chombo chochote cha safari, mdogo hutangulia kushuka akamshikia mkubwa mlango. Anayeshuka kwanza amekiri udogo wake mbele ya macho ya watu, na udogo ukishaukiri kwetu haufutiki. Niliwaona wazee wawili wa rika moja wamekodi teksi kwenda mazikoni. Walifika, wakakaa. "Tangulia, mwenzangu." "Aka, tangulia wewe." Marehemu akazikwa, matanga yakaanuliwa, wao bado wamo ndani ya teksi wanabembelezana. Mwishowe dereva akawarudisha walikotoka, na heshima ya kila mmoja ikabaki palepale.

*

Tulikuwa na Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Serikali. Tofauti baina yao imeelezwa kwenye katiba kwa kurasa nyingi sana, na ukishazisoma hujui. Mkuu wa Nchi aliitwa Mheshimiwa Ngurumo. Mkuu wa Serikali aliitwa Mheshimiwa Daktari Cheche. Walisoma shule moja, walioa ukoo mmoja, walijenga magereza kwa ramani moja. Katika mambo yote ya kuendesha nchi hakuna aliyeweza kuwatenganisha, isipokuwa jambo moja: gari la wazi la Ngurumo lilitumia dizeli, na la Cheche lilitumia petroli.

Msiseme hilo ni dogo. Kwenye gari lenye paa unaweza kufunga vioo ukasahau kama kuna injini. Gari la wazi halikupi nafasi hiyo. Mlio wote ni wako, moshi wote ni wako, na aliyesimama kando ya barabara naye anapata fungu lake.

Nakumbuka hotuba ya Ngurumo, maana niliirudia kwa kipaza sauti mpaka koo likakauka.

"Ndugu wananchi! Dizeli haina papara! Unakanyaga kidogo tu, gari linavuta kilima kama ng'ombe wa plau! Tangi moja unaizunguka nchi nzima, unawakamata wapinzani wote, unarudi Ikulu, na mafuta bado yamo! Hiyo ndiyo sera! Nyie mnataka kiongozi anayepiga kelele nyingi na kuishiwa njiani?"

Wananchi wakashangilia. Wiki iliyofuata nilitembea mbele ya gari la Cheche, naye akasimama juu ya kiti chake na miwani myeusi.

"Wananchi wenzangu! Gari la mbio la wazi, jamani, halafu linaguguna kama mashine ya kusaga mahindi? Haya ni matusi! Petroli inaimba! Ukiikanyaga inapanda juu, juu, juu, nywele zinasimama! Na ukishuka, shati lako bado jeupe! Mtazameni yule mwenzangu. Walinzi wake wanaokimbia nyuma ya gari wote wanakohoa damu!"

Hilo la walinzi lilikuwa kweli. Kweli vilevile kwamba gari la Cheche lilikunywa mafuta kiasi kwamba hospitali kuu ilizimiwa jenereta ili yeye afike kwenye ufunguzi wa hospitali hiyohiyo. Waliokuwa kwenye chumba cha upasuaji walimshangilia kwa muda mfupi.

Raia wengi hawakuwa na gari la aina yoyote, na labda ndiyo sababu jambo hili waliliingia kwa moyo wote.

*

Vita vilianza siku ya sikukuu ya taifa. Magari mawili yalikutana kwenye njia panda ya Barabara ya Ushindi, moja likitoka Ikulu na jingine likitoka Bungeni, na hakuna lililotaka kupisha. Madereva wakakanyaga mafuta magari yakiwa yamesimama. Huku inanguruma, huku inalia. Moshi ukapanda, watoto wakaanza kutapika.

Katikati ya njia panda ilikuwapo bendi ya polisi. Mpiga tarumbeta mmoja, mtu mzima, aliweka tarumbeta chini akaziba masikio kwa vidole. Walinzi wa Ngurumo wakaona ameikashifu dizeli. Walinzi wa Cheche wakaona ameikashifu petroli. Akapigwa risasi kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa sababu zilimsukuma sawasawa, alichelewa kidogo kuanguka. Nikatangaza kwamba bendi imepumzika.

Baada ya hapo watu wakachinjana. Nasema hivyo bila kupamba, kwa kuwa siku hizo nilipamba mno. Vijana wa Dizeli waliwakata masikio waliosifu mlio wa petroli, wakisema masikio yenyewe hawakujua kuyatumia. Wengine waliwafunga nyuma ya magari, mdomo kwenye bomba la moshi, wakawasha injini, wakaenda kunywa chai. Vijana wa Petroli hawakuhitaji ufundi mwingi. Mafuta yao huwaka haraka, na kiberiti kimoja kilitosha kwa nyumba nzima na waliomo. Mtaa wetu ulikuwa na vyerehani viwili na msikiti na kanisa na mwalimu wa hesabu. Kulipokucha palikuwa na vyerehani viwili.

Maiti walipelekwa kwa malori kwenye machimbo ya kokoto. Machimbo yako nyuma ya Kilima cha Shangwe: barabara inapanda mpaka kwenye lango la uwanja wa mpira kileleni, kisha inashuka upande wa pili, mteremko mkali, na mwisho wake ni shimo. Malori yalirudi nyuma, yakainua bodi, yakamwaga. Mimi nikiwa kileleni na kipaza sauti nilitangaza: "Wananchi wanapumzika! Wananchi wanapumzika!" Waliobaki hai waliniambia siku ile nilikuwa na sauti nzuri kuliko siku zote. Mungu na anilaani kwa uzuri huo.

*

Nina dada mmoja, mdogo wangu, jina lake Mboni. Wakati ule aliendesha gari la kusambaza mikate. Mumewe, shemeji yangu Shekue, alikuwa seremala mwenye baiskeli. Siku moja alitoka kwenda kutengeneza majeneza, kazi iliyokuwa nyingi, akakutana na kizuizi cha Dizeli.

"Dizeli au petroli?" wakamwuliza.

"Mimi nina baiskeli, afande."

"Baiskeli tunaiona. Tumekuuliza dizeli au petroli."

"Haitumii mafuta, afande. Labda ya nazi kidogo, kwenye mnyororo."

Wakamvunja mkono kwa pampu ya baiskeli yake mwenyewe, wakamwambia akatafakari. Akaenda akiikokota kwa mkono uliobaki. Kwenye kona ya pili alikuta kizuizi cha Petroli. Pale alisimamia Kapteni Mbelwa, kijana mwenye meno mazuri, ambaye asubuhi ya vita alikuwa Dizeli na kufikia adhuhuri akawa Petroli, kwa hiyo alikuwa na mengi ya kuthibitisha.

"Dizeli au petroli?"

Nimeambiwa shemeji aliegemeza baiskeli kiunoni. Alikuwa mtu wa kujibu swali kama lilivyo. Aliulizwa anatumia nini, na alijua anachotumia.

"Baiskeli," akasema.

Wakamkata miguu kwanza, ili ajue faida ya magari. Kisha wakammwagia kile walichokuwa nacho kwenye dumu. Baiskeli ililetwa nyumbani na askari mwenye adabu kabisa, akabisha hodi, akasema baiskeli haina kosa.

Mama yake Shekue, Bi Siwema, ndiye aliyeipokea. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ndogo. Aliuliza mwanawe yuko wapi, akaambiwa machimboni. Hakupiga ukunga. Aliishika ile baiskeli kwa usukani, akasema, "Mwanangu ameulizwa swali, amejibu." Tangu siku ile hakuongeza neno. Sisi tukadhani akili imemruka.

*

Ikaja amani. Ililetwa kwa ndege na wapatanishi wa kigeni wenye maji yao ya chupa. Walikaa hotelini na wakubwa wetu mpaka nyama ikaisha, kisha wakatoka na Mkataba.

Mkataba ulisema kutakuwa na gari moja tu, la wazi, jekundu, liitwalo Gari la Umoja, na wakubwa wote wawili watapanda humo bega kwa bega. Hapo kila mtu akauliza: injini gani? Wapatanishi wakajibu kwa fahari. Gari litaagizwa, na boneti lake litachomelewa kabla halijafika, ili pasiwe na mtu wa kujua kama ndani mna dizeli au petroli. Karani aliyeliagiza, ambaye alijua, alipewa ubalozi wa mbali, na akaanguka kutoka kwenye ndege akiwa njiani.

"Na tangini kutiwe nini?" akauliza mwandishi mmoja wa habari, marehemu.

"Nusu kwa nusu," wakasema. "Nusu dizeli, nusu petroli. Hakuna atakayeonewa."

Nataka mnielewe vizuri. Katika nchi yetu hapakuwa na mtu asiyejua nini hutokea ukichanganya mafuta hayo. Fundi alijua, mama ntilie alijua, wakubwa wenyewe walijua. Ngurumo alijua gari litazimika, akaamini aibu itamwangukia Cheche. Cheche naye alijua, akaamini aibu itamwangukia Ngurumo. Mpatanishi mmoja alipothubutu kuuliza kama injini haitaharibika, aliambiwa, "Hii ni siasa, bwana, si gereji." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kwa kuwa wote walijua litazimika, ikabidi atafutwe wa kulaumiwa. Ndipo kikaandikwa Kifungu cha Dereva: *Gari la Umoja halitasimama kabla ya kufika lango la uwanja, Kilima cha Shangwe. Likisimama, dereva atapigwa risasi palepale, kwa kuwa kusimama kwa gari ni kusimama kwa taifa.*

Dereva gani? Dizeli walikataa dereva wa Petroli, na Petroli walikataa wa Dizeli. Kamati ikatafuta mtu wa katikati. Wakampata mjane ambaye mumewe alivunjwa mkono na upande mmoja akauawa na upande wa pili. "Huyu," ilisema kamati, "ameonewa na pande zote kwa usawa unaoridhisha." Wakamletea dada yangu sare nyeupe.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa jikoni anawasongea ugali binti zake wawili, sare imetundikwa mlangoni.

"Kaka, litazimika," akasema bila kugeuka.

"Punguza sauti, mdogo wangu."

"Litazimika kilimani. Hata nikiomba vipi. Wanangu watalelewa na nani?"

"Mungu yupo. Mimi nipo. Nitakuwa mbele yako hatua chache, nitatangaza vizuri, nitawatuliza..."

Akageuka na mwiko mkononi.

"Utatangaza nini, kaka? Kwamba napumzika?"

Nilikula ugali wake nikaondoka.

*

Siku ya Umoja barabara ilijaa. Wananchi waliletwa kwa viboko, kama ilivyo desturi ya mapenzi yetu. Walipangwa kandokando, wasio na masikio upande huu, walioungua upande ule, ili picha ipendeze.

Gari likashushwa kwenye lori. Lilikuwa zuri, sitasema uongo, jekundu, boneti limechomelewa pembeni kama kovu. Kulikuwa na hofu kwamba likiwashwa watu watautambua mlio. Kwa hiyo ziliwekwa bendi mbili, ya jeshi na ya magereza, na zikaamriwa zipige nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja, kwa nguvu zote. Mboni akawasha. Masikio elfu yalinyooka, ya wale waliokuwa nayo. Hakuna aliyesikia kitu isipokuwa matarumbeta.

Ngurumo na Cheche walipandishwa kwa pamoja, mmoja kwa mlango wa kulia na mwingine wa kushoto, wakaketi juu ya mgongo wa kiti. Kando ya mlango wa dereva alitembea Kapteni Mbelwa, bastola mkononi. Alichaguliwa kutekeleza Kifungu kwa kuwa aliwahi kuua kwa niaba ya pande zote mbili, na mtu wa katikati kuliko huyo hakupatikana.

"Taifa linasonga mbele!" nikatangaza, na kweli lilisonga. Kwenye mipira ya kupitishia mafuta yalikuwamo masalia ya mafuta safi, yale lililojaribiwa nayo kiwandani. Tukapita sokoni. Tukapita benki. Tukaanza kupanda Kilima cha Shangwe, nami nikaanza kuamini kwamba Mungu ni mwanachama wa kamati.

Ndipo mchanganyiko ukafika kwenye injini. Gari lilikohoa. Likaruka mbele, likasita, likagonga ndani kama mtu aliyefungiwa stoo. Moshi mzito ukatoka nyuma ukawafunika wanajeshi. Ngurumo akamtazama Cheche kwa furaha, Cheche akamtazama Ngurumo kwa furaha. Likatikisika mara ya mwisho, likanyamaza. Mboni akazungusha ufunguo. Starta ikalia, ikalia, ikachoka.

Bendi nazo zikaacha kupiga, bila kuamriwa.

Mbelwa akainua bastola akaiweka kwenye sikio la dada yangu. Lakini Kifungu ni kifungu, na kwetu jambo halijatokea mpaka kitu fulani kiseme. Akanigeukia.

"Mshereheshaji! Gari limesimama?"

Niliwaona watu wote wananitazama. Mboni hakunitazama. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele, midomo inacheza, nadhani alikuwa anataja majina ya wanawe. Nimedanganya taifa langu lote maisha yangu yote, na sijawahi kuutaka uongo uwe kweli kama nilivyoutaka pale.

"Gari linaendelea!" nikapiga kelele. "Wananchi, gari linaendelea!"

Lilikuwa limesimama kama nyumba. Mbelwa akacheka kwa meno yake mazuri.

Hapo Bi Siwema akatoka kwenye mstari. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mgongoni, akaanguka, akainuka, akaja. Akaweka viganja viwili nyuma ya gari akasukuma. Mwanamke mmoja hawezi kusukuma gari kilimani, hilo halihitaji kipaza sauti. Lakini nyuma yake alikuja mwanamume asiye na masikio, akaweka bega. Akaja mwanamke aliyeungua uso. Akaja mjane wa mpiga tarumbeta. Wakaja wa Dizeli wakaja wa Petroli, walioua na waliouliwa watu wao, wengine walisukuma gari na wengine waliwasukuma wenzao mgongoni. Tairi likageuka kidogo. Kisha likageuka tena.

"Gari linaendelea!" nikasema, na sauti ikanikatika, kwa kuwa lilikuwa linaendelea.

Wakubwa wakaona ni mapenzi. Wakapunga mikono.

*

Tulifika kileleni, kwenye lango la uwanja. Waliosukuma walikuwa wamechangamka kidogo, wakalipitisha kilele kwa hatua chache, pua ya gari ikaelekea upande wa pili, upande wa mteremko. Mboni alifanya kama wanavyofanya watu wa magari ya mikate: alishuka, akachukua jiwe, akalikaza mbele ya tairi. Breki ya mkono sijui kama aliivuta. Sikuulizwa, sikuuliza. Kwa kushuka kwanza alikuwa amekiri udogo wake, kama sheria inavyotaka, naye akashika mlango, akasubiri wakubwa.

"Gari limefika!" nikatangaza. "Kifungu kimetimia!" Mbelwa akarudisha bastola kwenye ala yake, kwa huzuni.

Sasa ilibaki kushuka. Mkataba ulikuwa umelifikiria hilo pia: wakubwa watashuka kwa pamoja, mshereheshaji akihesabu tatu.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu!"

Ngurumo akainua makalio kidogo. Akamwona Cheche hajainua, akayarudisha. Cheche naye alikuwa ameinua yake wakati Ngurumo anarudisha, akaona, akarudisha.

"Moja. Mbili. Tatu!"

Hali ile ile. Jua likawaka. Nikahesabu tena, na tena.

"Tangulia, ndugu yangu," akasema Ngurumo kwa tabasamu.

"Siwezi, mheshimiwa. Tangulia wewe."

Mtu mmoja kwenye umati akasema kwa sauti, "Kupanda mchongoma!" Umati mzima ukaitikia, "Kushuka ndio ngoma!" Kwa mara ya kwanza tangu vita nikasikia watu wanacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

Kilichofuata sikukiona sawasawa, nilikuwa natazama bendera. Bi Siwema nilimwona ameinama mbele ya gari kama mtu aliyeangusha sindano. Alipoinuka alikuwa na jiwe mkononi.

Gari likaanza kwenda polepole kabisa. Mtoto angeweza kuruka. Mlango ulikuwa wazi, dada yangu amesogea pembeni kwa heshima. "Rukeni!" Mbelwa akapiga kelele. "Waheshimiwa, rukeni!" Ngurumo akamtazama Cheche. Cheche akamtazama Ngurumo. Walinzi wa upande huu wakashika bunduki wakiwaangalia walinzi wa upande ule, kwamba wa kwanza kumsaidia bosi wake kushuka, basi bosi wake ndiye mdogo. Hakuna aliyekwenda.

"Tangulia wewe!"

"Wewe tangulia!"

Gari likashika kasi. Niseme kweli, halikuwahi kwenda vizuri namna ile: halina mlio, halina moshi, upepo tu. Nywele za wakubwa zilisimama. "Tanguliaa!" "Wewee!" Walikuwa bado wanabishana lilipofika kwenye ukingo wa machimbo, likaruka, likaonekana limening'inia hewani kitambo, na wao wawili juu ya mgongo wa kiti, bega kwa bega. Kisha likaingia kule walikolala watu wetu.

Mlipuko ulitikisa lango la uwanja. Ulitoka moshi mweusi kama wa dizeli na moto mkali kama wa petroli, kwa hiyo nadhani Mkataba ulitekelezwa. Boneti lilifumuka likapanda juu, likaangukia barabarani mbele yetu likifuka moshi. Sasa mtu yeyote angeweza kwenda ukingoni akachungulia ilikuwa injini gani. Hakuna aliyekwenda.

Kapteni Mbelwa alibaki katikati ya umati, amechomoa tena bastola, hajui amwelekezee nani. Hakuwa na Dizeli, hakuwa na Petroli. Midomo ilimtetemeka juu ya yale meno. Akageuka huku na huku, akatuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba:

"Sasa sisi ni nani? Dizeli au petroli?"

Bi Siwema, ambaye tulidhani akili imemruka, alilitupa lile jiwe, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Swali hilo ulimwuliza mwanangu pale kizuizini kwako," akasema kwa sauti yake ndogo. "Akakujibu. Kama hukumsikia vizuri, kamwulize tena. Yuko huko chini."

Ile mikono iliyosukuma gari ilikuwa haijachoka. Mbelwa alifyatua mara moja, hewani, basi. Dada yangu alikuwa wa kwanza kumshika.

Nikainua kipaza sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikatangaza kwamba Kapteni Mbelwa amekwenda kumwuliza.